MJADALA: Gemu likichelewa kutoka, hasara abebe nani? Serikali iingize pesa zake humo?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Rockstar, watengenezaji wa gemu za video, waliahirisha gemu lao la GTA VI (Grand Theft Auto) mara mbili ndani ya mwaka 2025: mwezi Mei wakasema litatoka 26 Mei 2026, Novemba wakasogeza tena hadi 19 Novemba 2026. Vijiweni jibu ni moja, "bora lichelewe litoke limeiva". Sawa, hilo ni la mchezaji. Mimi nauliza bili analipa nani, hasa pale serikali inapokuwa imeingiza mkono.

Gharama kubwa ya gemu ni mishahara. Kila mwezi unaoongezeka watu wanalipwa na hakuna kilichouzwa. Take-Two, wenye Rockstar, hisa zao zilishuka baada ya matangazo hayo, lakini hawalali njaa: GTA V la 2013 limeshapita nakala milioni 200 na bado linaingiza. Asiye na gemu la zamani la kumlisha je?

Chukueni 38 Studios ya Marekani, kampuni ya Curt Schilling, nyota wa besiboli aliyestaafu. Mwaka 2010 jimbo la Rhode Island lilidhamini hati fungani (mkopo unaochukuliwa kwa wawekezaji) za dola milioni 75 ili kampuni ihamie Providence, mji mkuu wa jimbo hilo, na ilete ajira 450. Februari 2012 likatoka Kingdoms of Amalur: Reckoning, ila pesa zilikuwa zinamezwa na gemu jingine kubwa la mtandaoni, Copernicus, ambalo hata mambo yakinyooka lisingetoka kabla ya 2013. Mei 2012 malipo ya dola milioni 1.125 kwa jimbo yakapitiliza tarehe. Mwezi huohuo wafanyakazi wote wakaachishwa kazi kwa baruapepe, Juni kampuni ikaomba kufilisika. Wapo waliohama nayo wakiamini nyumba zao za zamani zimeshauzwa, wakaja kukuta benki bado inawadai. Copernicus halikutoka kamwe, na deni likabaki kwa walipa kodi.

Msimamo wangu: serikali isidhamini mkopo wa gemu. Ikitaka kusaidia, itoe nafuu ya kodi kwa gharama zilizokwisha kutumika, kama Uingereza inavyofanya tangu 2014.

Mchangiaji wa kwanza

Napinga, mkuu. 38 Studios iliuawa na tamaa, kuchelewa ni kisingizio. Kampuni changa inaanzaje na gemu la ukubwa ule?

Angalia Cyberpunk 2077 la CD Projekt wa Poland. Lilipangwa kutoka Aprili 2020, likasogezwa Septemba, kisha Novemba, kisha 10 Desemba. Mara ya mwisho walikuwa wameshatangaza kwamba limekamilika, tayari kuchapwa kwenye diski! Bado likatoka bovu kwenye mashine za kuchezea gemu za PS4 na Xbox One. Kama wiki moja baadaye Sony, wenye PS4, wakaliondoa kwenye duka lao la mtandaoni, likarudi Juni 2021. Wanahisa wakashtaki na kesi ikamalizwa kwa dola milioni 1.85. Wangekaa mwaka mmoja zaidi wangepoteza nini? Krismasi moja tu.

Mchangiaji wa pili

"Mwaka mmoja zaidi" unasema kirahisi kwa sababu si wewe unayekesha ofisini. CD Projekt waliahidi hakuna atakayelazimishwa kufanya kazi muda wa ziada. Mwishoni mwa Septemba 2020 wakaamuru siku sita kwa wiki. Walilipwa ovataimu, ndiyo, sheria ya Poland inataka hivyo. Lakini mtu anavumilia akijua mwisho ni Novemba, halafu tarehe inasogea tena. Hiyo hasara hamuioni kwenye hesabu za wanahisa.

Mleta mada

Hoja ya wafanyakazi naipokea. Kuhusu Cyberpunk, mkuu, wale walionunua hisa walinunua kwa hiari, na gemu liliuza nakala milioni 13.7 mwaka 2020 peke yake pamoja na ubovu wote. Mfano wangu wa pili ni Skull and Bones la kampuni ya Ubisoft, gemu la maharamia wa Bahari ya Hindi (bahari yetu, faida ya wengine). Lilitangazwa 2017, likatoka Februari 2024. Mwaka 2021 Kotaku, tovuti ya habari za gemu, waliandika kwamba limeshakula zaidi ya dola milioni 120, na kwamba makubaliano ya ruzuku na serikali ya Singapore yanaifanya Ubisoft ishindwe kulifuta. Mradi ambao ungezikwa mapema ukaendelea kula kwa sababu ya pesa za umma.

Mchangiaji wa tatu

Mleta mada, unachanganya mafaili. Rhode Island ilibeba kampuni ambayo ilikuwa haijawahi kutoa gemu hata moja. Singapore ilishirikiana na Ubisoft, wenye gemu maarufu za Assassin's Creed, na shabaha yake ilikuwa vijana wake wajifunze kazi. Kama waliajiriwa na kupata ujuzi miaka yote hiyo, serikali imepata ilichonunua hata kama gemu lenyewe halikutamba. Hiyo nafuu yako ya kodi inamfaa mwenye mtaji tayari. Studio ya watu kumi isiyo na akiba ya mishahara ya miezi sita inafika vipi kwenye gharama "zilizokwisha kutumika"?