Steshenari wameharibu maandishi ya babu yangu halafu wananambia kompyuta "haizijui" hizo herufi!!

Assalaam alaykum ndugu zangu, nna hasira mpaka mikono inatetemeka, mnisamehe nikikosea.

Babu yetu wa Wete kafariki mwaka jana kaacha daftari la mashairi, Kiswahili kitupu ila kwa herufi za kiarabu kama walivyosoma wao chuoni, chuo cha Kurani. Mie na dada'angu tumekaa miezi minne, usiku usiku, tunayapiga kwenye laptopu herufi kwa herufi na irabu zake, ili Ijumaa hii kwenye khitma watu wapewe kitabu mkononi. Nikapeleka steshenari moja hapa mjini, vitabu 150, nikalipa zote taslimu.

Jana nakwenda kuchukua. Herufi zimekatikakatika, kila moja imesimama peke yake, na mistari inatoka kushoto kwenda kulia!! Mtoto wa chuoni wa miaka mitano anajua alifu inaanzia kulia. Na kila penye pe ya nukta tatu pana kiboksi, kwa hiyo Pemba, ambayo babu kaitaja karibu kila ukurasa, imekuwa kiboksi halafu "emba".

Namuuliza yule kijana, hata macho hanyanyui kwenye simu: "Kaka, hizo herufi za zamani kompyuta haizijui."

Haizijui vipi?? Kompyuta haijui herufi yoyote, hata A haiijui, inajua nambari 65 tu. Sawa, Wamarekani walipotunga ASCII, orodha yao ya nambari za herufi, 1963 walitia nafasi 128 na humo wakajiwekea mambo yao tu, hilo lishapita, Yunikodi, orodha ya nambari za herufi za dunia nzima, imetoka 1991 na humo pe yetu پ ina nambari yake 067E, che چ ni 0686, ve ڤ 06A4, hata ile ghaini ya nukta tatu ڠ ni 06A0. Zimo zote! Kiboksi maana yake nambari ipo ila fonti uloichagua haina umbo lake, badilisha fonti basi. Na kukatika ni kwa sababu herufi ya kiarabu nambari yake moja lakini umbo la mwanzo, la kati na la mwisho linatengenezwa na programu, sasa programu yao ya kudizainia haijui kuunganisha. Na mie niliwapa PDF, fonti zimo ndani, wachape tu kama ilivyo! Wao wakafungua lile faili la Word nilowapa pamoja nayo wakakopi maneno wakabandika kwao eti watie maua pembeni. Maua! Nani kawaomba maua?

Kurasa nne za mwisho ndo zimeniliza. Zote ?????? mwanzo mpaka mwisho. Kuna mtu kasevu kwa mfumo wa kizamani usokuwa na nafasi ya kiarabu. Bora zingekuwa zile takataka za Ø§Ù„, zile baiti, yaani nambari zilosevuliwa, bado zipo, ukizisoma kwa UTF-8, mfumo wa kusevu herufi za Yunikodi, maneno yanarudi. Alama ya kuuliza hairudi, ile si herufi iliyofichika, ni nambari 63 kweli, ya babu ishafutwa.

Nikagomba, akanambia atarekebisha. Leo kanitumia sampuli, viboksi vimeondoka, kumbe kaweka be kila penye pe. Bemba! Najua wazee wengi wakiandika be hiyohiyo na msomaji akijijua mwenyewe, lakini babu hakutaka, alikuwa akizitia zile nukta tatu moja moja kwa kalamu ya wino, na akitukalisha barazani kutuonesha, asije mtu akalisoma jina la kwao vibaya.

Pesa hawarudishi, wanasema karatasi zishatumika. Laptopuni kwangu kila kitu kizima alhamdulillah.

Nnachotaka kwenu, nani anajua mahala hapa Unguja wanachapa PDF bila kuigusa? Wasifungue, wasikopi, wasipambe. Leo Jumanne, khitma Ijumaa baada ya la'asiri.