Mbegu ya Kyela nimeipanda Dakawa, harufu imepotelea wapi?

mpunga_moro
Habari zenu wakuu. Nalima mpunga Dakawa huku Mvomero, miaka yote napanda SARO 5 maana inazaa sana, ila bei yake ukiiweka pembeni ya mchele wa kunukia inakatisha tamaa. Sasa jamaa yangu akanishawishi nijaribu Supa, mbegu ya mchele wa kunukia, akaniletea mbegu toka Kyela kabisa, nikaipanda kiangazi kwa maji ya skimu. Mpunga ulikubali, umekuja kujaza punje mwezi wa 11 kwenda wa 12 lile joto lenyewe mnalijua, nimevuna nimeanika nimekoboa, dalali wa Dar kaja kachota kiganjani kapuliza kanusa kacheka, eti hii ni Supa jina. Na kweli ukipika harufu ipo kwa mbaaali. Halafu punje nyingi zina kitumbo cheupe na chenga kibao mashineni. Sasa kunukia ni mbegu au ni ardhi ya Kyela? Na kama ni mbegu, siwezi kuzalisha hiyo Supa na SARO nikapata kitu kinachozaa na kunukia? Naombeni elimu, matusi pelekeni kule kwenye siasa.

Mzee wa Mizani
Ardhi hiyo mkuu, usisumbuke. Mimi nanunua mchele miaka nenda rudi, Kyela ni Kyela. Ingekuwa mbegu kila mtu angekuwa tajiri.

bwanashamba_mstaafu
Mzee wa Mizani nakuheshimu ila hapo umechukua nusu. Uwezo wa kunukia uko kwenye mbegu, asilimia mia. Kiasi gani itanukia ndo mambo ya ardhi, joto na jinsi ulivyoanika. Ukichukua mpunga usio na uwezo huo ukaupanda Kyela hadi uzeeke hautanukia hata siku moja.

Iko hivi. Harufu ya mchele ina kemikali nyingi ila ile kuu inaitwa 2-asetili-1-pirolini, ndo hiyo hiyo unaisikia kwenye bisi zikikaangwa, na pua ya binadamu inaidaka hata ikiwa chini ya sehemu moja kwenye bilioni. Mpunga wa kawaida una jeni (kipande cha DNA chenye maagizo ya urithi) inaitwa BADH2, iko kromosomu ya 8, inatengeneza kimeng'enya ambacho kazi yake inakula malighafi ya hiyo harufu kabla haijatengenezwa. Kwenye michele ya kunukia kama Basmati na Jasmine hiyo jeni imeharibika, herufi 8 za DNA zimedondoka katikati, kimeng'enya hakifanyi kazi tena, kama mfagizi aliyeachishwa kazi vitu vinaanza kurundikana, na kilichorundikana ndo harufu tunayoilipia. Wanasayansi wa Australia walilibaini hilo 2005. Yaani mchele unaonukia ni mchele wenye hitilafu, inafurahisha kweli, watu tunagombania hitilafu.

Sasa kwako. Mbegu yako inawezekana ni Supa halali ila umeijazia punje kwenye joto kali. Mipunga hii ya kunukia, hasa ya jamii ya Basmati, inataka ubaridi kidogo kuanzia inapotoa masuke mpaka punje inakomaa, usiku hasa. Joto likizidi harufu inapungua, na kile kitumbo cheupe unachokiona ndo ushahidi wenyewe. Chukua punje uielekeze kwenye mwanga: palipo safi mwanga unapita, palipo peupe chembe za wanga hazikushikana vizuri zimeacha nafasi za hewa katikati, ndo maana ikiingia kwenye mashine inakatikia hapo hapo. Kuna mbegu zina asili ya kitumbo na zingine zinavumilia, ila joto la usiku linazidisha kwa karibu zote. Ungepanda masika ukajaza punje mwezi wa 5 naamini dalali asingekucheka hivyo.

Halafu uliikausha vipi? Jua la saa 7 kwenye sakafu ya sementi linaifukuza harufu na punje inapata nyufa usizoziona. Tandaza kwenye turubai, geuza geuza, ikifika unyevu wa 14% hivi anua. Na ukiuweka stoo muda mrefu harufu inaondoka polepole, ile ni kemikali inayopaa hewani.

Mama Wali wa Temeke
Ngoja niongee na mie ninayepika sufuria mbili kwa siku. Nyie wanaume mmeng'ang'ania harufu tu, mteja wangu anauliza wali umeachiana au umebokoka. Kuna mchele unanukia mpaka jirani anachungulia halafu ukipoa unakuwa mgumu kama umelala siku mbili, na kuna usionukia kabisa ila mlaini mpaka jioni. Mbona haviendi pamoja hivi vitu? Na mingine inakula maji na mkaa hatari.

bwanashamba_mstaafu
Mama shikamoo, umegusa penyewe. Haviendi pamoja kwa sababu ni jeni tofauti na haziko hata kwenye kromosomu moja.

Wanga wa mchele una aina mbili, amailosi ambayo ni minyororo iliyonyooka, na amailopektini yenye matawi matawi. Amailosi ikiwa nyingi wali unaachiana vizuri ila ukipoa unakaza, ikiwa chache unashikana na unabaki mlaini. Kinachoamua kwa sehemu kubwa ni jeni inaitwa Waxy, kromosomu ya 6. Kwenye mchele wa Kijapani herufi moja tu imebadilika hapo, G imekuwa T, jeni inafanya kazi kwa kusuasua na amailosi inashuka chini ya 20%. Ule wa kunata wa kule Laos jeni imekufa kabisa, karibu sifuri. Basmati iko kati, 20 hadi 25, ndo maana pilau yake inaachiana na bado inatafunika. Ukivuka 25 ndo huo wa kulala siku mbili.

Maji na mkaa ni jeni nyingine tena, inaitwa ALK, hiyo ndo inapanga wanga uanze kuiva kwenye joto gani. Kuna mchele unaanza kulainika chini ya nyuzi 70 na kuna mwingine mpaka uvuke 74, huo wa pili lazima uuchochee sana. Halafu mchele mpya na wa zamani hata kama ni mbegu moja hauivi sawa, hilo we mwenyewe unalijua kuliko mimi.

PishoriMwea
Huku Mwea, Kenya, stori ni hiyo hiyo wadau. Pishori yetu ni Basmati 370, inanukia vizuri lakini mavuno si kama zile zingine, kwa hivyo watu wanachanganya na mchele wa bei ya chini halafu wanaandika pishori kwa gunia. Kabla ulaumu joto, hakikisha hiyo mbegu haikuchanganywa. Mbegu ya kutoka kwa rafiki ya rafiki mimi siamini.

mpunga_moro
Aisee kumbe. Kweli sasa nikikumbuka shambani kulikuwa na miche mirefu na mifupi. Hiyo inamaanisha imepigana poleni (chavua) na SARO ya jirani? Na lile swali la kuzizalisha pamoja bado.

bwanashamba_mstaafu
Hiyo chavua unaisingizia tu. Mpunga unajichavusha wenyewe, wa jirani unaingia chini ya 1% kwa kawaida. Mchanganyiko wa hivyo unatoka kwenye mashine, magunia, na punje za msimu uliopita zilizodondoka jarubani zikaota.

Kuzalisha inawezekana ila usitegemee ya haraka. Kila mmea una nakala mbili za ile BADH2, moja toka kila mzazi, na ili unukie zote mbili lazima ziwe zile mbovu, moja nzima ikibaki kimeng'enya kinafanya kazi. Ukizalisha Supa na mpunga usionukia kabisa, mimea ya kizazi cha kwanza haitanukia, utadhani umeshindwa. Kizazi cha pili kama robo ya mimea ndo itanukia, na hapo kila mmoja una urefu wake, amailosi yake, uzaaji wake, itabidi uchague misimu kadhaa mpaka utulie. Watafiti wanafanya hiyo kazi, Dakawa hapo hapo kwako ndo TXD 306 ilikozalishwa, hiyo unayoiita SARO 5, na nayo ina harufu ya nusu nusu, jaribu kuitafuna mbichi polepole utaisikia.

Kwa sasa fanya hivi: msimu ujao panda masika, vuna suke moja moja toka kwenye miche inayofanana, menya punje chache za kila suke utafune. Lisilonukia tupa, linalonukia lipe mstari wake jarubani. Maabara wanakata majani wanaloweka kwenye potasiamu haidroksaidi ya 1.7%, wanafunika dakika 10 wananusa, ila ile dawa inaunguza ngozi, we tumia meno tu.

Mzee wa Mizani
Haya bwanashamba, nimesoma yote. Ukipata hiyo ya mstari mstari mpunga_moro nitafute, ila nitanusa kwanza.