Nakili "Chelezo cha Méduse": vivuli vyangu havikauki

Wakuu, habari zenu. Ninanakili ule mchoro wa Géricault wa 1819, manusura wa meli ya Méduse juu ya chelezo. Ule wenyewe, ulioko makumbusho ya Louvre, Paris, una karibu mita 5 kwa 7. Wangu sentimita 50 kwa 73. Vivuli nilivipaka nyeusi iliyojaa mafuta ya kitani. Wiki 3 sasa, nikigusa kidole kinanata, juu pamejikunja kama utando wa maziwa. Nifanyeje?

— Kwangua tabaka hilo, mkuu. Anza na amba ya kahawia (umber, rangi ya udongo) iliyozimuliwa kwa tapentaini, hukauka upesi. Mafuta yaongezwe tabaka za juu, kamwe si chini. Géricault mwenyewe alitumia lami kama rangi, ndiyo maana vivuli vyake vimezidi kuwa vyeusi na kupasuka.

— Mimi ningeacha kundi zima kwanza. Chukua yule mtu mweusi anayepunga kitambaa kileleni, mgongo wake tu. Nilirudia mgongo ule mara 4 ndipo nikaiona kijani iliyojificha kwenye kivuli cha ngozi.

— Asanteni sana. Nimekwangua jana usiku. Turubai imebaki na rangi ya kahawa, na miili inavyopanda kuelekea kile kitambaa naiona vizuri kuliko mwanzo. Leo naanza mgongo.