Je, mwenye nyumba asiye na bima ana haki ya kudai msaada wa serikali baada ya mafuriko?

Mkazi wa Kihoto (aliyeuliza)

Ndugu zangu, naishi Kihoto, Naivasha, ambako ziwa liliingia mwaka 2020, likarudi nyuma, kisha likaingia tena mwaka 2025. Nyumba yangu ni ya mawe, vyumba vitatu, niliyoijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa shamba la maua, na sikuikatia bima. Sasa nimeandikishwa kwa mzee wa mtaa nipate msaada, lakini shemeji yangu ameniambia waziwazi kwamba sistahili, kwa sababu pesa hizo ni kodi ya watu waliojinyima wakalipia bima, au waliokataa ploti ya bei nafuu kando ya maji. Nilikasirika, lakini sikuwa na jibu. Je, anasema kweli?

Wakala mstaafu, Kisumu

Nimeuza bima miaka mingi, na ningependa shemeji yako ajibu swali moja kwanza: nani angekuuzia? Mafuriko huongezwa juu ya bima ya moto, na kabla ya kukubali kampuni hutaka kujua nyumba iko umbali gani kutoka majini. Aliye karibu sana hutozwa zaidi au hukataliwa. Hata ukikubaliwa, bima hulenga janga la ghafla, kwa hiyo maji ya ziwa yanayopanda taratibu kwa miezi yanaweza kuzua ubishi mkubwa wakati wa kudai fidia.

Hata hivyo, baada ya mwaka 2020 ulijua. Nchini Marekani serikali yenyewe ilianzisha bima ya mafuriko mwaka 1968, kwa kuwa bima ya kawaida ya nyumba haigusi mafuriko, na mwenye nyumba katika eneo hatari akipokea msaada wa serikali kuu wa kukarabati nyumba iliyofurika, hutakiwa kukata bima hiyo na kuidumisha, la sivyo atanyimwa msaada wa namna hiyo mafuriko yakirudi. Sharti hilo naliona la haki, ila lina maana pale tu ambapo bima ipo ya kununua.

Binti wa Budalangi

Mzee wangu wa Kisumu, shukrani, lakini hata hiyo "bima ipo" kwetu ni hadithi. Nyumba ya mama ni ya udongo na mabati, juu ya ardhi ambayo hati yake bado ina jina la babu aliyekwisha kufariki. Bima yetu ilikuwa lile tuta la mto Nzoia, ambalo sisi hatukulijenga wala hatuna uwezo wa kulitengeneza, na lilipopasuka mwaka 2020 tulihamia kambini na mbuzi wawili. Mtu anieleze uwajibikaji wa mama ulipaswa kuanzia wapi.

Tena wengine hawakukaa kando ya mto wala ziwa. Waliosombwa Solai usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la watu binafsi lilipopasuka, walikuwa na kosa gani la kutokata bima?

Katiba yetu, kifungu cha 43, inataja makazi ya kufaa miongoni mwa haki za kila mtu. Sisemi serikali imjengee kila mtu nyumba ya mawe. Lakini zile shilingi 10,000 zilizotangazwa Mei 2024 kwa familia zilizoondolewa kingoni mwa mito Nairobi hazitoshi hata kuezeka chumba kimoja, kwa hiyo anayehofia kwamba msaada utatufanya wavivu hajapata kununua mabati siku za karibuni.

Mpimaji, Nakuru

Mwenzangu wa Kihoto, kabla hatujakuhukumu: je, ramani ya nyumba yako iliidhinishwa na kaunti, na je, unalipa kodi ya ardhi kila mwaka? Ofisi iliyoidhinisha ujenzi mahali pale, kisha ikaendelea kupokea kodi, haiwezi kudai leo kwamba hasara ni yako peke yako.

Mkazi wa Kihoto (aliyeuliza)

Nawashukuru nyote. Chakula na pesa za kupanga chumba nitapokea bila aibu, lakini pale sitajenga tena, hata nikipewa mabati. Kuhusu swali la mpimaji, kodi nimelipa na risiti ninazo. Ramani haikuidhinishwa, na hilo shemeji bado sijamwambia.