Mama na ngazi za M/S Juno

Wakuu, nataka kumpeleka mama safari ya meli ya Juno, Göteborg hadi Stockholm, huko Sweden. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua. Ataweza?

— Mkuu, meli hiyo ni ya 1874! Lifti hakuna, choo na bafu ni vya pamoja, vitanda vya kupandana. Mama alale cha chini. Mimi nilijigonga kichwa usiku wa kwanza.

— Ila malango ya maji, yale ya kupandishia na kushushia meli, jamani! Mfereji wa Göta mtakaopita una 58. Juno inaingia ikibakiza upenyo wa kiganja, maji yanajaa, mnapanda polepole kama ndoo kisimani.

— Na Ziwa Vänern, ambalo meli inalivuka? Anaogopa mawimbi.

— Upepo ukivuma, inayumba. Abebe tembe za kichefuchefu.