Yule jamaa wa filamu za zamani sasa kawasha taa kwenye giza la Paul Muni!!

Wakuu, simtaji, mnamjua, yule anayepandisha filamu za zamani mtandaoni. Safari hii kaishika I Am a Fugitive from a Chain Gang, ile ya Warner Bros. ya 1932, kaipaka rangi na kuandika "HD safi". Safi ya nani?

Mwisho ule jamani! James Allen, yule mfungwa anayechezwa na Muni, katoroka mara ya pili, kaja usiku kumuaga mpenzi wake Helen. Anarudi kinyumenyume, giza linammeza. Helen anamuuliza, unaishije? Mtu humuoni tena, unasikia tu: "Naiba." Basi, imeisha. Huyu fundi wetu kapandisha mwangaza mpaka nyuma ya Muni unahesabu matofali, uso kaukandika rangi kama samaki wa kupaka, na pale pale kwenye "Naiba" kashusha bango jekundu la chaneli yake: JIUNGE NASI. Sasa mwizi nani hapo?

Hajatosheka. Picha ya 1.37 kwa 1 (upana kwa kimo) kailazimisha ijae kwenye kioo kipana cha 16:9, yaani kafyeka karibu asilimia 23 ya kimo chake. Wafungwa wanaponda mawe, nyundo zinashuka toka mbinguni. Kelele za sauti ya zamani kazifuta, na herufi "s" zote zimeondoka nazo. Dakika 92 zimekuwa 88! Halafu lile bango. Kwenye "Naiba". Nina hasira hata chai haishuki.

Jiwe la Mto: Bando la mia tano, hasira za milioni.

Fundi Lenzi: Mkuu, hayo si matofali. Video ikibanwa sana halafu ukapandisha mwangaza, giza linakatika viraka vya mraba. Na hizo dakika 88 usimsingizie, hiyo ni nakala ya DVD ya Ulaya: picha 24 kwa sekunde zinaendeshwa 25, sauti nazo zinapanda kwa pungufu kidogo ya nusu toni.

Mleta uzi: Na bango nalo limetoka Ulaya??

Tandabui: Afadhali bango. Mimi anikere anayepachika maandishi ya tafsiri ya nakala ya picha 24 kwenye video ya 25. Mwanzo sawa, ukifika mwisho yamepishana dakika tatu na nusu na ushee. Mtu kashakufa, maandishi bado yanamsalimia. Rekebisha kasi, 25 gawanya kwa 24, dakika moja kazi imekwisha!

Jiwe la Mto: Rangi nzuri bwana, nyeusi na nyeupe inaumiza macho.

Mleta uzi: Wewe ndiye uliyejiunga kwenye lile bango.

Kasuku wa Bara: Hivi huyo Allen aliiba dola ngapi vile?

Fundi Lenzi: Kama tano tu, tena kwa kushikiwa bastola. Akala miaka kumi ya kazi ngumu.

Kasuku wa Bara: Sasa mbona kwangu watu wote wanene?

Fundi Lenzi: Yako imevutwa, haijakatwa. Kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, bonyeza A mpaka ifike 4:3. Iliyokatwa ndiyo haina dawa. Kwenye TV zima kile cha kulainisha mwendo, kinafanya filamu ionekane taarifa ya habari.

Kasuku wa Bara: Kinakaa wapi? Rimoti yangu ina vitufe sita tu.

Tandabui: TV gani hiyo mkuu, inchi ngapi? Unauza?