Naombeni ushauri: nimwandikishe kijana wangu nyumba, au niandike wosia?

BabaWatatu:
Habari zenu wadau. Nina miaka 58. Ndoa ya kwanza ilivunjika, nilipata humo watoto wawili ambao sasa ni watu wazima wenye familia zao. Na mke niliye naye tuna binti wa miaka 16. Alizaliwa na tatizo la ubongo. Anatujua, anacheka, anapenda sana muziki, ila hataweza kushika fedha wala kuishi peke yake.

Mali si nyingi: nyumba tunayoishi, akiba benki na bima ya maisha. Ndugu wananisihi nibadili hati ya nyumba iwe kwa jina la kaka yake, naye aahidi kumtunza mdogo wake, ili nikifa watu wasizungushwe mahakamani. Kijana ni mwema, simtilii shaka. Lakini silali. Wosia niliwahi kuandika, kabla ya ndoa hii. Nianzie wapi?

Karani_Mstaafu:
Mkuu, usibadili hati. Wala si kwa sababu ya tabia ya kijana. Nimeshughulika na mafaili ya mirathi muda mrefu, na mengi ya kuumiza yalianza na mtoto mwema. Jina lake likishaingia kwenye hati, nyumba ni yake. Akidaiwa, wadai wanaifuata. Ndoa yake ikivunjika, inaweza kuingia kwenye mgawanyo. Akitangulia yeye, warithi wake ni mke na watoto wake. Dada yake hayumo. Na nyinyi wawili mtakuwa mnaishi humo kwa hisani.

Kaka_Mtu:
Kwetu mimi ni kaka wa namna hiyo. Baba aliniachia vyote kwa maneno, "hivi ni vya mdogo wako". Nikitoa fedha naulizwa nimezipeleka wapi, nikikataa kutoa naitwa mchoyo. Niliuza kiwanja kwa ajili ya matibabu yake, na hadi leo kuna shangazi hasemi nami, maana sina karatasi ya kuonyesha kwamba nilikuwa na ruhusa. Mzee, kama unampenda kijana wako, usimwachie mzigo huu bila maandishi na bila mtu wa pili wa kusaini naye.

BabaWatatu:
Kaka, hili sikuwahi kulitazama kwa upande wake. Asante sana.

Mwanasheria_Mama:
Unachokitafuta kinaitwa trasti. Mali inakaa kwa jina la wadhamini, lakini manufaa ni ya binti. Kwa kuwa si yao, madeni yao binafsi hayaigusi. Unaweza kuianzisha ukiwa hai, au ukaiandika ndani ya wosia ianze kazi ukishafariki. Weka wadhamini wasiopungua wawili, na mmoja wao awe mtu asiye na fungu katika mali hiyo. Kaka yake anaweza kuwa mdhamini, hapo ndipo wema wake utakapofaa.

Waachie wadhamini uamuzi wa kiasi gani kitoke na lini. Nchi nyingi zinazosaidia watu wenye ulemavu huangalia kipato na mali, na fedha zikimfikia moja kwa moja anaweza kupoteza msaada. Andika pia nani apate kitakachobaki siku binti atakapofariki. Kama sheria ya kwenu haina trasti, uliza juu ya msimamizi wa mali anayewajibika kwa mahakama.

Wosia wako wa zamani usiutegemee. Sheria ya wosia ya Uingereza ya mwaka 1837, ambayo nchi nyingi zilirithi mfano wake, inasema kufunga ndoa hufuta wosia wa awali, isipokuwa uwe uliandikwa kwa kutarajia ndoa hiyo. Sheria hiyohiyo inataka mashahidi wawili wakuone ukitia saini, tena wakiwa pamoja, na shahidi au mwenzi wake akiwa ameachiwa kitu humo, anakikosa. Kwa hiyo mkeo asishuhudie.

Ibn_Mwalimu:
Nyongeza: kama ni Muislamu, wasia hauvuki thuluthi moja, na haumhusu mrithi isipokuwa warithi wengine waridhie. Binti ana fungu lake tayari. Linalobaki ni nani atamshikia, hilo lizungumze na kadhi au wakili anayejua mirathi.

Mtu_wa_Bima:
Mkuu, fomu ya bima uliijaza lini? Mara nyingi fedha za bima hazipiti kwenye wosia kabisa, zinaenda kwa aliyetajwa kwenye fomu. Na usimwandike binti mwenyewe. Trasti ikishakuwepo, waandike wadhamini wake.

BabaWatatu:
Nimeifungua kabatini sasa hivi. Jina lililopo ni la mke wa kwanza. Miaka yote hii. Kesho asubuhi nakwenda kubadilisha, wakili nitamwona wiki hii.

Mwanasheria_Mama:
Vizuri sana. Jambo la mwisho, na kwangu ni kubwa kuliko hati. Andikeni barua kwa wadhamini: dawa zake, anachokiogopa, wimbo gani unamtuliza, nani akimshika mkono anakubali. Haina nguvu ya sheria, lakini wadhamini wazuri huishika kama dira, na hayo hakuna hakimu anayeyajua.

BabaWatatu:
Nimemsomea mama yake. Amekwishaanza. Ukurasa wa kwanza wote ni namna ya kumlaza usiku.